Baudouin Ananitafsiria

Jumanne, 4 Machi 2025

Kliniki ya sukari leo. Baudouin kavaa koti la kanisani — bwana wangu huyu, ukimwita kutafsiri anavaa kama anaenda kuoa! Huku ugenini Kiingereza changu bado ni cha salamu tu. Kwa waganga wa kliniki, mdomo wangu ni yeye.

Nesi Minal ni mpole. Akasoma vipimo, sukari bado iko juu. Halafu akauliza kitu, kirefu, akinitazama mimi. Baudouin akakohoa. Anauliza kama nyumbani tuko sawa, ati. Maneno yote yale, na mimi nikapewa haya machache! Nikasema tuko sawa. Muongo mimi.

Hatuko sawa. Tangu damu ya mwezi ilipokatika, kule chini kumekauka. Kunawasha, kunachoma. Tukikutana nauma meno. Basi nasema nimechoka. Kila siku nimechoka! Kusafisha maofisi hakuchoshi hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Baudouin kamtafsiria pasta. Pasta akisema kimoja, yeye anatoa vitatu, na haleluya juu yake. Watu walicheka, wakalia. Nikamwangalia na kitambi chake, nikampenda. Kweli nilimpenda.

Tukirudi akaniuliza, taratibu, kama nimemchoka. Nikamwambia aache ujinga. Akachukua mto wake akahamia kwenye kochi la sebuleni. Ati asinisumbue. Eh, Mungu wangu! Bora angenigombeza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda peke yangu. Minal akampigia simu mkalimani, akaiweka mezani. Sauti ikatoka: "Bonjour, mama." Yesu! Mama Chancelle — wa kwaya, anayesimama nyuma yangu kila Jumapili! Akaniapia kwamba ya kazini hayatoki. Namwamini. Lakini ulimi wangu ulikufa palepale. Nikasema mguu unaniuma. Maskini Minal akanivua soksi, akaukagua kidole kwa kidole. Mguu hauna kitu!

Kwenye basi nilicheka, halafu nikalia. Nimeamua. Kama ni lazima mtu anisikie, awe yule ambaye jambo hili ni lake pia.

Alhamisi, 20 Machi

Mlangoni pa kliniki nilimvuta Baudouin mkono wa koti. Leo usinihubirie, nikamwambia. Neno kwa neno.

Nikamtazama Minal, si yeye. Nikasema kule chini kumekauka, kunachoma, tendo lenyewe linaniuma, siku hizi naogopa hata akinigusa bega. Nikasema na bado nampenda huyu bwana.

Baudouin akafungua mdomo. Akaufunga. Mtafsiri wa pasta! Kisha akaanza, polepole, na sauti ikamkatika kwenye lile la mwisho. Akalirudia.

Minal hakushtuka hata kidogo. Na Baudouin akanipa yote, hakupunguza. Sukari ikikaa juu inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, maji ya kule yanapungua, na fangasi wanapata karamu. Umri nao umeshusha homoni. Wanawake wengi yanawapata mambo haya, hawasemi tu. Kuna krimu ya homoni ya kutia ndani, kuna jeli, na sukari yenyewe ishuke. Ataongea na daktari aniandikie. Tusiharakishe.

Kumbe si moyo wangu uliokauka! Nilitaka kumbusu yule binti.

Halafu Baudouin akauliza kitu chake mwenyewe, kifupi, kwa Kiingereza. Minal akamjibu kwa upole. Mimi sikutafsiriwa.

Kwenye basi nikamsumbua: umemwuliza nini? Akaangalia dirishani mpaka kituo cha Stratford. Ndipo akasema. Alimwuliza kama ni yeye aliyekuwa ananiumiza muda wote huu, na mimi nikinyamaza.

Nilimshika mkono, mbele ya watu, sikuuachia mpaka nyumbani. Nami sijui kama amekasirika, au ana haya, au ananiogopa sasa.

Niko chumbani, naandika. Mchana bado. Namsikia sebuleni, kochi linalia, ameinuka. Anakuja. Amesimama.

Anabisha hodi. Chumba chake mwenyewe, anabisha hodi! Anauliza kama kuna fasi kitandani — ya mto tu, anasema, mto peke yake.