Bodi Haibadilishwi

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta zote za mtaa huu zikiniona zinasimama wima. Sitanii! Nikipita tu, feni zinazunguka zenyewe. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kichwa hiki kingekuwa kinauzwa, kingefungiwa kwenye kabati la kioo.

Leo shangazi kasalimu amri. Kompyuta ya dukani kwake, ya kuchapia kadi na vyeti, imezimika tena katikati ya kazi ya mteja. Mfumo wake ni wa wizi, aliwekewa na mpita njia, kila siku kisirani. Kasema cha wizi basi. Anataka mfumo wenye leseni halali, na hilo likongwe liongezwe nguvu. Nikiweza kabla ya Jumamosi, kiti cha kompyuta ni changu. Nikishindwa — ufagio, na kutembeza kadi za watu juani.

Binamu, yule bintiye, kacheka mpaka kakohoa. Eti mimi hata redio hunishinda. Atajijua!

Jumanne, 4 Machi

Duka la kompyuta. Muuzaji ana miwani machoni na mingine juu ya paji la uso. Ya juu sijui inaangalia nini.

Kanichambulia. Kuna mfumo wa bure kabisa, ila programu ya kadi ya shangazi haifanyi kazi humo. Huo tukauaga. Kuna leseni ya kuhama: siku ukinunua kompyuta nyingine, unahama nayo. Ghali! Na kuna leseni ya kukaa: nusu bei, lakini inaing'ang'ania bodi iliyoikuta. Bodi ikiondoka, nayo imeondoka.

"Sasa bwana mdogo, bodi utabadilisha?"

Nikacheka. Bodi! Kama gari vile! Nikamwambia bodi yetu chuma kitupu, haina hata kutu, haibadilishwi. Labda nitaipiga rangi.

"Rangi?"

"Nyekundu."

Akashusha ile miwani ya juu, akanitazama kwa yote miwili. Haya, kasema, mali yako. Nikachukua ya kukaa.

Chenji nimenunulia rangi ya kupuliza, iliyobaki nimemrudishia shangazi. Kaniombea dua mpaka kwa wajukuu zangu ambao bado hawana hata bibi!

Jumatano, 5 Machi

Leseni imekubali! Alama ya kijani, hii hapa, mbele ya macho ya binamu. Kanuna. Nikamwambia alete kiti aketi, asije akazimia.

Kasha nimelipuliza rangi uani. Jekundu la kung'aa. Na pua yangu pia.

Alhamisi, 6 Machi

Inawaka, lakini inakwenda kama mtu aliyeshiba. Rafiki yangu fundi simu kaifungua, kasema shida ni mazabodi, lile bamba la ndani lililoshika kila kitu. La zamani mno. Yeye analo jingine zuri, kanipa. Tumebadilisha. Mimi ndiye niliyekaza skrubu zote! Imebaki moja, sijui ilitokea wapi.

Inaruka sasa! Bamba la zamani nimempa muuza vyuma chakavu aliyekuwa akipita. Kalitupia guniani, kaenda zake.

Jumamosi, 8 Machi

Furaha mpaka kero! Kadi zinatoka kama mvua. Shangazi kazunguka kompyuta akipiga vigelegele, wateja wakampigia makofi. "Fundi wangu! Baba yangu! Kaa kwenye kiti chako!" Nimekaa. Binamu kaniita fundi bila kucheka — mara ya kwanza tangu tuzaliwe.

Hapo ndipo nikaona. Chini, kona ya kulia ya kioo cha kompyuta, maandishi membamba: leseni haijathibitishwa.

Nikatoka nje nikampigia muuzaji. Kauliza, si nilisema bodi sibadilishi? Nikaapa: bodi ni ileile, njoo uione, nyekundu!

Akanijibu: "Hilo ni kasha, kaka. Bodi ndiyo mazabodi."

Jamani! Si angesema mazabodi!

Nikarudi, nikabandika kadi ya sampuli kwenye ile kona ya kioo. Yenye maua. Shangazi kaisifu, eti pambo. Sasa kaja na jipya: anataka kuwaonyesha wateja kuwa duka lake ni halali, awasomee leseni pale kwenye kioo kwa sauti, binamu apige picha itundikwe ukutani. Anatafuta miwani yake. Mimi niko stoo, juu ya katoni za karatasi, eti nafuata wino. Miwani yake ninayo mimi, mfukoni.

Ananiita. "Fundiii! Njoo unisomee wewe basi!"

Wino ninao. Kiti ninacho. Kompyuta inaruka, hilo hakuna wa kunibishia. Ila leseni halali ya shangazi yangu iko ndani ya gunia la vyuma chakavu, na mwenye gunia hata jina lake sikumuuliza.