Meneja Amesusa Ugali Wangu

Alhamisi, mvua. Anayesema Tukuyu ina msimu wa mvua hajawahi kukaa Tukuyu. Mvua ya hapa haina msimu, ina mapumziko tu, na leo imekataa hata kupumzika. Nimejibanza kwenye chumba cha intaneti hapa Makandana, suruali imelowa mpaka magotini, nachapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mchele. Lakini nadonoa kwa kasi, msinicheke.

Nasema "msinicheke" utafikiri mko wengi. Kile kidude cha kuhesabu wasomaji chini ya blogu huwa kinapanda nikifungua mwenyewe.

Kwa aliyepotea njia akaangukia hapa: mimi ndiye kinyozi pekee Rungwe nzima ambaye saluni yake ina kitanda, sinki, kabati, pazia la maua na magurudumu manne. Siku hizi biashara ni ruksa, kila mwenye vijisenti anaagiza gari lililotumika Japani, na Mjomba naye akaagiza kibasi cha abiria. Kufungua mlango pale bandarini, viti hakuna. Tukakuta chumba cha kulala na jiko. Kumbe wenzetu wana magari ya kutembea na nyumba mgongoni kama konokono! Mjomba alikaa chini akashika kichwa. Mimi nikaruka kitandani na viatu vyangu.

Nikamwambia, "Mjomba, abiria wanatukana. Kichwa kinachonyolewa kinakaa kimya." Ndiyo nikapewa gari.

Nimelitoa Dar, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, nikateremka nalo huku, nikinyoa kila gulio, mashine inakula umeme wa betri. Ubavuni kuna maandishi ya Kijapani. Wateja nawaambia yanasema "Kinyozi Bora wa Dunia". Hajatokea wa kunibishia. Fomu tuu sikuimaliza, ni kweli, lakini waliomaliza wote wananiletea vichwa vyao.

Meneja ni mbwa. Nilimwokota kwenye gereji pale Uyole, wakati wanaziba tairi langu yeye akapanda, akakaa kiti cha mbele, akatazama barabara kama mtu aliyechelewa kikao. Nikamwacha. Tangu hapo asubuhi zetu zinafanana. Vioo vyote vinakuwa vimelowa kwa ndani kwa pumzi zetu wawili. Nawasha jiko la mchina, nachemsha chai, natoa mkono dirishani kukagua mvua. Yeye anatangulia kushuka, anazunguka gari lote, anakojolea tairi moja tu, la nyuma kulia, kisha anarudi kuniambia kwa mkia kwamba mambo ni shwari. Tukiwa njiani naongea naye. Namsimulia wateja, namsimulia wasichana ambao ningewaoa. Hajawahi kuniambia naongopa.

Sasa kiti chake kitupu.

Ilikuwa hivi. Jumamosi tulikuwa tumeegesha kijijini Lupepo, pembeni ya shamba la Mama Gwakisa. Ni mjane, ana migomba na kipande cha chai, na kijana wake Gwakisa anakaa nyumba ya jirani. Asubuhi mama akaja na mkungu wa ndizi mbivu, maana huku mgeni halali kando ya uwanja wa mtu bila kupewa kitu. Mimi nimekaa mlangoni kwenye ngazi, miwani ya jua usoni, jua lenyewe halipo. Mama akatua ndizi, akachuchumaa, akanisalimia: "Ugonile." Wanawake wa hapa ndivyo wanavyomsalimia mwanaume, hata kama mwanaume mwenyewe ni mimi. Nikajisikia mkuu wa wilaya.

Tatizo ni kwamba Meneja hakulelewa Unyakyusa. Kalelewa gereji, na gereji ilimfundisha jambo moja: binadamu akiinama, jiwe linafuata. Mama hajamaliza salamu, meno yakawa yameshazama mkononi mwake.

Mama wa watu kang'atwa kwa sababu ya adabu yake.

Gwakisa alitokea kwenye migomba na panga. Mimi nimemkumbatia mbwa, mama amejifunga kanga mkononi, damu inapita. Bahati nzuri ofisi ya bwana mifugo iko hapohapo barabarani, na yeye alisikia kelele akaja mbio. Ni kijana aliyeletwa kikazi kutoka Shinyanga, watu wanamwita Daktari.

"Usimuue," akamwambia Gwakisa. "Ukimuua leo utajuaje kama alikuwa na kichaa?"

"Amemng'ata mama yangu, halafu nianze kumuuliza hali yake?"

"Afungwe, tumwangalie siku kumi. Mbwa mwenye kichaa hazifikishi. Akizimaliza anakula na kunywa, tutajua mama yako yuko salama." Akanigeukia mimi. "Amechanjwa?"

Nikasema hata mimi sina hakika kama nilichanjwa.

Hakucheka mtu. Ilikuwa mara ya kwanza utani wangu kuanguka chini na mimi mwenyewe kuusikia ukianguka.

Aliyemaliza yale mambo ni mama. "Gwakisa, weka panga. Huyo mbwa nataka nimwone anaishi." Basi Meneja akafungwa kamba nyuma ya ofisi, chini ya paa la bati, na Daktari akatoa amri: asiguswe na mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Chakula nisukume kwa fimbo. Na gari nilihamishe, nikaegeshe mbali kule kwenye kona, kwa sababu akiliona anavuta kamba mpaka anajinyonga. Nimwone mara moja kwa siku, mchana.

Mama akaanza sindano. Mimi nikaanza kulala peke yangu.

Niseme ukweli, maana humu hamna mtu. Sikujua kwamba kitanda kile ni kikubwa. Sikujua gari lina milio mingi namna ile, bati linalia, sinki linadondosha, majani ya migomba yanakwangua paa. Zamani milio yote ile nilidhani ni Meneja anajigeuza. Wateja nao wamekata. Nani akubali kunyolewa na mtu ambaye mbwa wake anasubiriwa afe? Watoto wakinipita wanabweka. Wakubwa wanasalimia kwa mbali, "Kinyozi, mgonjwa anaendeleaje?" Nawajibu, "Anakula kama waziri!" kwa sauti kubwa, naongeza na kicheko.

Anakula. Hilo ndilo neno langu la wiki nzima. Daktari akiniuliza, anakula. Gwakisa akisimama njiani na kunikazia macho, anakula.

Kumbe tangu juzi hali.

Juzi nilisukuma bakuli la ugali na dagaa, akanusa, akageuza uso. Jana vilevile, ugali wa juzi umekauka juu ya bakuli. Maji sijui kama anakunywa, maana kwa mvua hii bakuli la maji linajijaza lenyewe. Amelala tu, kidevu kwenye miguu, ananitazama. Nami najua dalili, Daktari alinihesabia: mbwa akianza kichaa anasusa chakula. Nikamwaga ugali wa jana kwenye nyasi, nikalionyesha bakuli tupu. Nikasema, Daktari, ona, amelamba.

Usiniulize nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza kiti cha mbele.

Leo ilikuwa zamu ya mama kushuka hospitali hapa Makandana kwa sindano nyingine. Asubuhi nikasikia kwa Gwakisa kwamba haendi. Mvua, barabara, halafu chai yake imekomaa na kwa mkono mmoja hachumi haraka, na si kinyozi mwenyewe kila siku anasema mbwa anakula? Sasa sindano za nini?

Nilikuwa namficha mbwa, kumbe namfukia mama.

Nikaliwasha gari, nikalisogeza mpaka uwanjani kwake, nikashuka kwenye matope, safari hii bila miwani. Nikamwambia nampeleka hospitali mimi mwenyewe, na chai nitajua la kufanya. Alibisha kidogo, halafu nadhani hamu ya kulipanda gari ikamshinda. Akakaa kiti cha mbele, akaangalia manyoya yaliyojaa kwenye kanga yake, akaangalia nyuma kitandani, sinki, pazia.

"Gali zima hili ni nyumba yako?"

"Yote, mama."

"Inanuka mbwa."

"Ndiye mwenye nyumba."

Mimi nikaendesha. Nilikuwa nimepanga nimwambie tukifika kwenye lami, tulipofika kwenye lami nikapanga nimwambie tukiiona Tukuyu. Wipa zinakwenda huku na huku. Mwisho likatoka lenyewe.

"Mama, Meneja hali."

"Hali nini?"

"Ugali. Tangu juzi hajagusa. Niliwadanganya. Ndiyo maana lazima uchomwe leo, na ile itakayofuata, na zote. Ukitaka kunipiga subiri nisimamishe gari."

Akanitazama. Halafu mama huyu akaanza kucheka. Alicheka mpaka mkono wenye bandeji ukagonga dashibodi, akasema "yuuu!" kwa maumivu, akaendelea kucheka.

"Gwe! Ule nao ni ugali? Nimeuona kwenye bakuli. Katikati mbichi, chini umeungua. Hata mbwa mwenye kichaa atautapika!"

Nikapunguza mwendo, maana barabara nilikuwa siioni vizuri, na si kwa sababu ya mvua.

"Anakula kwangu," akasema. "Mbalaga. Ndizi na maharage, juzi niliweka na mfupa. Kila asubuhi nikienda kisimani napita nyuma ya ofisi, namsukumia kwa fimbo. Anamaliza, analamba na jani nililobebea. Maji nimemwona anakunywa kwa macho yangu haya. Wewe ukija mchana na huo udongo wako, mwenzako ameshashiba."

"Lakini mama, alikung'ata."

"Si ndiyo maana? Kijiji kizima kinamtazama yeye ili kijue mimi nakufa lini. Wewe unataka afe na njaa, kesho waje kwangu na turubai na masufuria, waanze msiba mimi nipo ndani nawasikiliza? Sitaki. Huyo mbwa ataishi, kwa lazima."

Nikacheka na mimi. Halafu, naandika kwa sababu nimeahidi ukweli, nyuma ya furaha ukaja wivu. Siku zote hizi nimelala peke yangu nikimlilia mtu ambaye kila asubuhi alikuwa anakula mbalaga ya moto.

Najua siku hazijaisha. Kula peke yake hakutoshi, Daktari mwenyewe atasema hivyo nikirudi kumweleza, na namweleza leo hii, ugali uliomwagwa na yote. Atafoka. Afoke. Mama nimemwambia sindano haachi hata mbwa aimbe kwaya, akaitikia.

Tulipofika kwenye geti la hospitali sikuzima injini. Mama akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akaurudisha.

"Na wewe unakula wapi?"

"Mimi? Ah, mama, mimi nakula vizuri. Jana nimepiga chipsi kuku."

"Chipsi. Lupepo."

Nikaanza kufuta kioo kwa kiganja. Mimi, ambaye naweza kumwongelesha askari wa barabarani mpaka asahau alichonisimamishia. Lupepo hakuna chipsi, kuna mama anayejua hilo.

"Jioni kuna mbalaga," akasema.

"Nimeshiba, mama. Ndaga fijo, asante sana."

Hakunibembeleza. Akafunika kichwa na kanga, akaingia kwenye mvua akielekea kwenye foleni.

Nimeshiba nini?

Asubuhi nimekunywa chai ya rangi. Jana nimekula ugali uleule aliousema, mbichi katikati, nikiwa nimekaa kitandani natazama pazia la maua. Tangu Dar nimefika kwenye nyumba za watu wengi, na kila nikikaribishwa nasema nimeshiba, kwa sababu mwenye gari lenye jiko hawezi kuonekana anafuata sufuria za watu. Washkaji wa Mbeya wakinipigia nawaambia maisha ni freshi. Nikikata simu namgeukia Meneja.

Sasa foleni itakuwa inaisha, inabidi nikamchukue. Nimeshaamua mawili. La kwanza, kesho nabeba kikapu chake naingia kwenye chai. Sijawahi kuchuma chai maishani, mikono yangu ni ya mashine na poda, wanawake wa Lupepo watanicheka mpaka waangushe vikapu vyao. Wacheke. Nitawaambia Japani vinyozi wote huanzia kwenye chai.

La pili ni gumu zaidi. Siwezi kukaa namsubiri mama anikaribishe tena, huenda asinikaribishe. Kwa hiyo leo tukiwa njiani kurudi, kabla ya kona ya kwanza, nitasema mwenyewe. Ni maneno machache tu. Nimeyajaribu sasa hivi hapa mbele ya kompyuta, kwa sauti, kuona kama mdomo wangu unayaweza.

Mama, nina njaa.

Jamaa wa kompyuta ya pili amegeuka kunitazama.