Mgeni Aliyealikwa Kaburini

Kambi ya Uamsho, Soamiafara
3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje na baridi hii? Sisi wengine tu wazima, ila mdogo wangu Rindra bado hajapona. Katika kila ibada, sisi wenye kanzu nyeupe tunapoamuru pepo watoke, mlango huachwa wazi na njia haizibwi. Yeye huenda kuketi papo hapo kizingitini. Jana sauti iliyo ndani yake ilisema, "Mimi ni mama yenu. Nimerudi." Nikampa maji ya ukoko, yale yanayochemshwa juu ya wali ulioungua chini ya sufuria, ambayo marehemu Mama aliyapenda kuliko wali wenyewe. Ikayatema. "Takataka gani hii?" Nikaiambia, "Basi wewe si Mama." Ikacheka. "Nilialikwa. Mwulize mzee."

Baba, ni nani aliyeialika?

Binti yako,
Voahangy

Ambositra
16 Juni

Mwanangu Voahangy,

Salamu zako nimezipokea. Mguu unauma kiasi. Wali napika mwenyewe, na hauungui. Nimetuma mchele, maharagwe na soksi za Rindra.

Swali lako halikunipendeza. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili. Tangu lini mtoto wangu akamsadiki mwongo kuliko baba yake? Fanyeni kazi mliyofunzwa.

Baba yako

Soamiafara
2 Julai

Baba,

Shikamoo. Soksi zimemtosha, asante. Siulizi tena, nakuarifu tu. Yapata wiki sasa hapokei ila uji, vijiko viwili au vitatu. Tukimwinua kutoka mlangoni, hushikilia miimo kwa kucha. Bibi Ravao, mkuu wetu, amesema tusikuchoshe, tufunge na kuomba. Tunafunga.

Binti yako

Ambositra
20 Agosti

Mwanangu,

Nakujulia hali kwa aibu. Barua yako nimeiweka ndani ya Biblia siku zote hizi, na kila nilipoifungua Biblia niliikuta.

Unaukumbuka mwaka ule tulipomtoa mama yenu kaburini kumvika sanda mpya, kama ilivyo desturi ya mababu. Watu walicheza ngoma. Rindra peke yake alilia mpaka sauti ikakauka. Nilimwinamia marehemu nikanong'ona, "Mama Voahangy, rudi ukae na mtoto huyu." Nilisema kwa mapenzi. Kilichoitikia hakikuwa yeye. Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza, nikanyamaza nisije nikapoteza kiti changu mbele ya kanisa.

Jumapili iliyopita niliyasema haya kwa wazee wenzangu. Wameniweka kando na Meza ya Bwana kwa miezi mitatu. Ni haki. Jumamosi naja.

Baba yako

Soamiafara
4 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulifika nyumbani salama? Najua uliondoka umeinamisha kichwa. Ulisimama mbele ya mlango ukasema, "Mke wangu amelala katika Kristo. Wewe sikujui. Mimi niliyekuita ndimi ninayekufukuza, kwa jina la Yesu." Nayo sauti ikakujibu tu, "Mzee, kachue mguu wako." Wengine walijizuia kucheka.

Sasa sikiliza. Jumanne tulikuwa tumeanza wimbo. Hapakuwa na upepo. Hata kanzu zetu hazikutikisika. Mlango ukajibamiza ukutani mara moja, na Rindra akaanguka kwa ndani. Kwa ndani, Baba. Kizingiti kikabaki kitupu. Bibi Ravao akamwekea mikono kumtia nguvu. Akafumbua macho, akanitazama.

"Dada, mbona umekonda hivyo? Baba yuko wapi? Nilimsikia akimfukuza yule."

Kisha akauliza kama kuna maji ya ukoko. Alikunywa vikombe vitatu. Cha nne Bibi Ravao alimnyang'anya. "Wewe, sisi wengine hatuna koo?"

Asante, Baba, kwa kuja. Jumamosi ya tarehe ishirini tutakuwa nyumbani, sote wawili.

Binti yako

Ambositra
13 Septemba

Wanangu Voahangy na Rindra,

Bwana asifiwe. Barua nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, na mguu haukulalamika. Wazee wenzangu walitaka kuipunguza adhabu yangu, nimekataa. Naketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na tangu nibatizwe sijapata kushukuru namna hii.

Leo nimejizoeza kuuacha wali motoni mpaka ushike chini ya sufuria. Nimeumiminia ukoko maji yakachemka, nikanywa kikombe kimoja kwa ajili ya mama yenu. Ukoko ulikuwa mwembamba. Jumamosi nitaunguza zaidi.

Baba yenu