Miwani ya Mirathi na Ramani za Mapinga

Jumatatu, 1 Septemba

Tangu saa mbili asubuhi niko mbele ya kompyuta. Ramani za viwanja vya Mapinga. Macho yanachoma kama nimekatakata vitunguu. Shingo imekakamaa.

Nimevaa miwani ya marehemu baba. Siku ya mirathi ndugu zangu waligombea saa na redio, mimi nikaomba miwani. Kuiweka kabatini naona kama kumtupa.

Shabani, mume wangu, anasema kompyuta itanipofusha. Kasema mara tatu kabla hajamaliza wali.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeharibu. Nimesoma vibaya namba ya bikoni, lile jiwe la mpaka, na mpaka wa kiwanja ukahama kwenye ramani. Mnunuzi kutoka Dar kaja na vibarua wake, wakafyeka mihogo ya Bi Tatu, mama wa kiwanja cha jirani. Bi Tatu kaja ofisini na shina la muhogo, kaliweka juu ya meza yangu, kaondoka. Afadhali angenitukana.

Bosi, Bwana Mahmudi, kanipa hadi mwisho wa mwezi. Kosa jingine moja, nahamia mapokezi, na ramani achore mtu mwenye macho mapya. Hayo maneno yake, mbele ya wapima ardhi wote. Miaka kumi na tisa nachora. Nina hasira.

Jumamosi, 6 Septemba

Kila mtu daktari. Shangazi kaleta juisi ya karoti na kuniamuru nile maini wiki nzima. Wifi anasema ni mionzi. Shabani kaifunika kompyuta ya nyumbani kwa kanga. Kanga yangu mpya.

Sijamwambia mtu, lakini naogopa. Huenda wanasema kweli. Kazi hii naipenda, na sijui nyingine.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda kliniki ya macho Bagamoyo, kimyakimya. Daktari binti mdogo, rika la mwanangu, kaniamkia vizuri. Nikamwambia kompyuta inanipofusha. Akauliza nakaa umbali gani na kioo, na dirisha liko wapi. Mbele yangu, nikasema, mwanga wote usoni. Kisha akaomba miwani. Akaipima kwenye mashine, akarudia.

"Mama, hii ulipimiwa wapi?"

Nikasema ni ya baba yangu.

"Na yeye sasa anatumia ipi?"

"Baba ameshatangulia mbele ya haki."

Akaiweka mezani taratibu. "Mungu amrehemu. Lakini hii ilipimiwa macho ya mzee, mama. Ya kwako bado mazima."

Kompyuta haipofushi, kasema. Inachosha. Mtu akikodolea kioo anasahau kupepesa, macho yanakauka. Halafu lenzi za baba zina nguvu mara mbili ya ninazohitaji, tena za kusomea kitabu kilicho mkononi. Ndiyo maana nilikuwa naisogelea kompyuta hadi pua karibu iguse, na shingo ikaumia. Miwani nitavaa, umri umefika, ila yangu mwenyewe.

Nimecheka hadi nesi akachungulia mlangoni. Nimelia pia kidogo.

Jumatatu, 15 Septemba

Miwani mpya. Namba zimesimama, hazichezi. Meza nimeigeuza, dirisha liko ubavuni. Kila baada ya dakika ishirini nainua macho, natazama mkorosho ng'ambo ya barabara. Wapima wananitania kuwa nahesabu korosho. Wacheke.

Shabani kasoma karatasi ya daktari mara mbili. Kaikunja kanga.

Jumapili, 21 Septemba

Nimempelekea Bi Tatu vipando vya muhogo. Nimepanda naye safu mbili. Macho yalichoka, ndiyo, lakini kosa lilikuwa langu. Kanipa maji ya dafu. Mgongo unauma, moyo mwepesi.

Ijumaa, 26 Septemba

Bosi alinipa viwanja arobaini na kimoja kwa mkupuo. Makusudi, naamini. Leo wapima wamekwenda na ramani zake viwanjani, bikoni moja baada ya nyingine, na mimi nyuma yao juani, natembea kama mshtakiwa. Kumi sawa. Ishirini sawa. Nikaacha kuhesabu, nikawa nasoma dua.

Zote sawa. Mpima mkuu kamwambia bosi mbele ya kila mtu: "Hakuna hata moja iliyohama."

Bosi kasema ramani zinabaki kwangu. Kasema kwa sauti ndogo, lakini wote wamesikia.

Nimeshinda. Naandika tena kwa raha zangu: nimeshinda.

Jumanne, 30 Septemba

Siku tulivu. Nimechora hadi adhuhuri, nikaswali, nikachora tena.

Wenzangu walipoondoka, Bwana Mahmudi kaja mezani kwangu na mkataba wa kiwanja. Kajaribu kuusoma. Akausogeza mbali na uso, akausogeza zaidi, mkono ukafika mwisho. Kisha akaniuliza, karibu kwa kunong'ona, yule daktari anapatikana siku gani.

Nilikuwa na maneno niliyoyaweka tayari tangu tarehe nne. Sikuyatoa. Nimemwandikia siku na saa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.