Salamu Kwanza, Kazi Baadaye

Jumatatu, 12 Mei

Uji, dawa ya presha, kiwandani saa moja kasoro. Mashine ya pili imepigwa grisi. Ya kwanza bado inapiga kelele za ajabu. Mafundi wanasema hadi Jumatano.

Saa nne Meneja ameniita ofisini. Ni binti wa Morogoro, ana miaka thelathini na nne, ana adabu, ananiita Mzee Maduhu na huwa ananipa kiti kwanza. Leo amenipa kiti na habari mbaya. Pamba inaanza kuchambuliwa tarehe 26. Anataka vijana thelathini wa kubeba, kulisha mashine na kufunga marobota, na anataka kuwaona getini Ijumaa ya tarehe 23, saa nne asubuhi. Nisipowapata, kazi ya kutafuta watu atapewa wakala wa ajira kutoka Mwanza, msimu huu na mingine yote. Mimi nitahamia getini, kulinda.

Sina ugomvi na geti. Lakini nimetafuta vibarua wa kiwanda hiki misimu kumi na tisa. Nilikuwa napanda baiskeli hadi Ngulyati, naingia nyumba kwa nyumba, nakunywa maziwa ya watu, narudi na majina. Siku hizi nyumba kwa nyumba nakuta wazee na kuku. Vijana wako ndani ya simu. Meneja amesema niwafuate humo humo.

Jumanne, 13 Mei

Nimenunua bando. Mke wangu Minza amecheka mpaka akakaa chini. Yeye anauza dagaa kwa simu mwaka wa tatu sasa. Wanatoka Kalemela, anapiga picha, anaposti, jioni wameisha. Mimi nilikuwa naona anachezesha kidole tu.

Amenifungulia ukurasa. Picha yangu ya suti, ile ya harusi ya binti yetu Doto. Nimeandika tangazo kama la ubaoni: TANGAZO LA NAFASI ZA KAZI, kisha masharti saba. Nimelisoma mara tatu, limenyooka.

Mpaka sasa laiki sita. Moja ya Minza. Binamu yangu ameuliza kama ninagombea udiwani. Kijana nisiyemjua ameandika maneno mawili tu: "Tapeli mwingine."

Imeniuma.

Jumatano, 14 Mei

Nimeuliza vijana wa bodaboda pale njia panda kwa nini niitwe tapeli. Wakaniangalia kwa huruma. Mwaka jana walipita watu na tangazo zuri kuliko langu, lina hata muhuri. Kazi kiwandani, leta ada ya fomu. Vijana wakatoa. Kiwanda hakikuwapo. Tangu hapo tangazo lolote lililonyooka wanaliogopa.

Basi nitatoa sura yangu. Hii sura inajulikana kuanzia Bariadi hadi Lagangabilili. Kesho narekodi video. Mashine ya kwanza haijapona, mafundi sasa wanasema Jumamosi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimenyoa ndevu. Minza ameshika simu, mimi nimesimama mbele ya ghala. Nimeanza vizuri. Mwangaluka ya Kisukuma, maana ilikuwa asubuhi. Nikawasalimia akina baba, akina mayu, yaani akina mama, na vijana wenyewe. Nikauliza mvua za huko. Nikauliza ng'ombe, nikauliza pamba imepasuka vipi, nikawapa pole wenye wagonjwa na wenye misiba. Nikasema sisi huku mhola, wazima. Kisha nikasema, "Sasa, kilichonileta kwenu..."

Hapo simu ikakata. Kumbe mtandao ule unaruhusu dakika tatu tu. Na Minza ameshaiposti. Anasema alidhani nimemaliza, maana hata kanisani huwa naishia hapo.

Sijui ningefanyaje. Mtu hawezi kuingia nyumbani kwa watu akaanza na shida yake.

Ijumaa, 16 Mei

Maajabu. Video imetazamwa na watu wengi kuliko wanaojaa mnadani. Wasukuma wa Dar, wa Arusha, wa Katavi, mmoja yuko kwenye meli, sijui meli gani. Wote wanaitikia, wengine wananiita guku, babu. "Mwangaluka guku, ng'ombe hawajambo." "Mwangaluka baba, mimi ni wa kwa Jilala, Ngulyati, mvua ilikata mapema." Binti mmoja ameandika kwamba amelia, hajasalimiwa hivyo tangu bibi yake afariki.

Nimetembea kiwandani kifua mbele. Mafundi wameniomba picha.

Meneja ameitazama mbele yangu. Amecheka hadi akavua miwani. Kisha akaivaa, akauliza, "Mzee Maduhu, wangapi wameomba kazi?"

Hakuna hata mmoja. Wangeombaje, na kazi sikuitaja.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimeharibu kabisa.

Meneja alinishauri nirekodi nyingine fupi, niende moja kwa moja. Nikamsikiliza. Sekunde kumi na mbili: "Kiwanda cha pamba kinahitaji vijana thelathini. Fika Ijumaa tarehe 23, saa mbili asubuhi. Hakuna ada. Karibuni." Nikaiposti mwenyewe, bila Minza, nikajisifu.

Nusu saa baadaye kaka yangu amepiga kutoka Ngulyati. Ameuliza nimegombana na nani, mbona naongea bila kusalimia watu. Nilipofungua simu nimekuta moto unawaka. "Guku amekasirika?" "Huyu siye." Halafu mjanja mmoja akamaliza mchezo: "Jamani, akaunti ya mzee imeibiwa. Mzee tunayemjua hawezi kusema neno kabla ya salamu. Msitume hela." Wamelisambaza onyo hilo kuliko hata video yenyewe. Kuna watu wananitetea dhidi yangu mimi.

Nimeandika kwamba ni mimi mwenyewe. Wamejibu kwamba mwizi lazima aseme hivyo.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani nimepewa pole na watu zaidi ya kumi kwa kuibiwa akaunti. Mwalimu wa kwaya ameahidi kuniombea. Nimeshukuru tu, nguvu za kueleza sina. Minza alikuwa anacheka ndani ya kitenge chake wakati wa matangazo.

Nyumbani tumekula wawili, kama kawaida tangu Kulwa na Doto waolewe. Wali umebaki. Minza bado anapika wa watu wanne.

Zimebaki siku nne za kazi. Naogopa.

Jumatatu, 19 Mei

Wakala amekuja kutazama kiwanda. Viatu vipya, simu mbili. Amemsalimia Meneja, mimi amenipita kama nguzo. Nimemsikia akieleza kwamba vijana wake atawalipa yeye, kila wiki akikata sehemu yake. Ni watoto wa huku huku anaowasema. Wabebe marobota juani, na yeye akae Mwanza apokee.

Nimemchukia mtu yule. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma.

Mashine ya kwanza imepona. Inanguruma vizuri kuliko mimi.

Jumanne, 20 Mei

Nilikuwa nasoma tena salamu za ile video ya kwanza, ili nijiliwaze. Nikafika kwa yule wa kwa Jilala, Ngulyati. Jilala namjua. Tulivuna pamoja mwaka wa mafuriko, ana ng'ombe mmoja mweupe mkorofi sana. Nikamjibu kijana: "Wabeja, asante kwa kuitikia, mwanangu. Yule mweupe wa baba yako bado anavunja zizi? Sasa tumeshasalimiana, nisikilize, nina kazi."

Akajibu hapo hapo. Ng'ombe bado anavunja zizi. Kazi gani?

Basi nimekaa kivulini na simu kutwa nzima. Mmoja mmoja. Aliyetaja kwao, namuuliza ya kwao. Kisima kilichimbwa? Mama alipona mguu? Nikishajibiwa ndipo nasema habari ya kiwanda. Huwezi kuwajibu wote kwa mpigo, lazima uende mlango kwa mlango. Ni kazi yangu ile ile, ila maziwa sijapewa. Kidole gumba kimevimba, na bando nimenunua mara mbili.

Jioni nina majina kumi na moja. Kijana anaitwa Masanja, wa Itilima, ameandika: "Tapeli hana muda wa kuuliza kisima, guku. Nakuja." Nimemsomea Minza mara mbili. Mara ya tatu amesema amesikia.

Jumatano, 21 Mei

Kumi na tisa. Meneja amepita kivulini akauliza kama naendelea vizuri. Nimesema naendelea, nikaendelea.

Jambo moja limenikwamisha. Binti anaitwa Limi, yuko Kalemela. Ameandika: "Baba, nimeona unamuuliza kila mtu kwao. Mimi kwetu sikujui. Nililelewa na watu wa kanisa. Sisi mnatusalimiaje?"

Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta. Miaka yote nimekwenda nyumba kwa nyumba na sikuwahi kumfikiria asiye na nyumba. Nimeona aibu.

Nimempa Minza simu. Ameangalia picha za yule binti, akaona anaanika dagaa ufukweni. Akasema tu, "Muulize kazi yake, Baba Kulwa. Kazi nayo ni hali ya mtu." Nikaandika salamu ya mchana: "Mwadila, Limi. Dagaa wamekauka?"

Kisha: "Mwadila, baba. Wamekauka. Jana upepo ulinisaidia." Akaeleza mengi ya dagaa, nusu yake sikuelewa, Minza ndiye aliyenitafsiria. Mwisho akauliza kiwanda kiko upande gani wa mji.

Alhamisi, 22 Mei

Thelathini na tatu kwa ahadi. Ahadi ya kwenye simu sijui uzito wake. Zamani nilikuwa namtazama mtu machoni.

Minza amenipigia pasi shati. Hajaniambia neno la kutia moyo, ila pasi ameipiga mpaka kwenye mikono. Ugali umenishinda.

Ijumaa, 23 Mei

Saa mbili, watu watatu. Mmoja wao alikuwa amekuja kuuza karanga.

Saa mbili na nusu, wanane. Saa tatu wakaanza kuingia. Kwa miguu, kwa bodaboda, wanne juu ya lori la pamba. Nikaweka meza getini niandike majina. Na kila mmoja akifika mezani anasalimia, nami naitikia, nauliza nyumbani, ananieleza. Jilala amenitumia salamu ndefu, ilibidi niisikilize yote. Masanja amekuja na salamu za watu saba.

Saa nne kamili Meneja akatoka na wakala nyuma yake. Wakala ana karatasi za mkataba mkononi. Meneja akahesabu daftari langu. Kumi na sita. Akahesabu tena. Uso wake ulionyesha anaumia, hilo nampa sifa. "Mzee Maduhu, tulikubaliana thelathini."

Nikamwambia atoke nje ya geti kidogo.

Foleni ilipita ukuta, ikapita fundi wa matairi, ikakata kona. Nilikuwa sijawaona wote mwenyewe, nilikuwa nimeinama na salamu. Saa nzima nimewaacha juani huku nauliza habari za visima. Wakala akasema kwa utaratibu huu kiwanda kitaanza Krismasi. Meneja alikwenda hadi kwenye kona, akarudi, akamshukuru wakala kwa kupoteza muda wake, akamtakia safari njema ya Mwanza.

Kisha akavuta kiti, akachukua kalamu. "Wewe salimia," akasema, "mimi naandika."

Tumemaliza saa saba. Thelathini na mmoja. Yule wa mwisho nilishindwa kumrudisha, na Meneja akajifanya hajui kuhesabu. Nimefurahi sana. Geti nimemwachia mlinzi wake.

Jumatatu, 26 Mei

Mashine zote mbili zimewashwa saa moja na nusu. Vumbi la pamba kila mahali, hata kwenye chai. Wamefunga marobota ya kwanza vibaya, wakayafungua, wakafunga upya. Masanja anaimba, nimemwachia, wengine wanafuata mwendo wake.

Mchana wamejaza fomu za kiwanda. Limi amekaa mwisho wa benchi. Ni mdogo wa umbo, mikono ya mtu mzima. Wenzake wote wamerudisha fomu, yeye bado. Nimepita nyuma yake. Palipoandikwa mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo, hakuna kitu. Kalamu ameilaza juu ya karatasi.

Sikumuuliza. Nimechukua kalamu, nimeandika Minza na namba yake, maana mimi nikiwa karibu na mashine simu siisikii. Pa kuandika uhusiano nimepaacha. Hilo si langu. Mwenyewe ameandika "mama" kwa herufi ndogo, akaifunga fomu haraka, akarudi kwenye pamba.

Nimemweleza Minza wakati wa kula. Nilitegemea atanilaumu kwa kutoa namba bila kumuuliza. Amechota wali uliobaki sufuriani, akaufunika kwenye bakuli. Kisha akauliza huyo binti amepanga wapi.