Yafungue Masanduku, Mama Anitha

Masaki, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mke wangu Adventina,

Nakusalimu kwa upendo, na kupitia kwako namsalimu kila anayelala chini ya paa letu hapo Nshamba. Hamjambo? Kikohozi cha Mugisha kimeisha, au bado kinamsumbua? Na mguu wa mama umepata nafuu tangu mvua zianze? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, na sababu utaiona.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu yako, mke wangu, inasikilizwa na nyumba nzima. Ukiongeza sauti tu, mama anaingiza neno lake, Anitha anadakia, na jirani akipita anauliza nimetuma nini. Jambo hili siwezi kulisema mbele ya baraza hilo. Nimempa barua Mzee Faustine, jirani yetu, aliyekuja huku kutibiwa macho. Jicho moja bado lina bandeji na jingine halioni vizuri, kwa hiyo hata akishikwa na umbea hataweza kuisoma.

Msije. Nimelisema mapema ili usihangaike kulitafuta kwenye kurasa. Shule zikifungwa, msipande basi. Ile nyumba niliyokuambia imepatikana haipo, na kwa mwezi mzima nimekuwa nikikudanganya.

Unajua kazi yangu ni kutunza pampu za maji na jenereta kwenye maghorofa haya. Maji yakikatika, kuna mtu huko juu ana sabuni machoni, na mimi natakiwa niwe nimefika kabla hajamaliza kutukana. Ndiyo maana msimamizi hataki nikae mbali. Chanika ningepata vyumba viwili na uwanja wa kuanika nguo, lakini kutoka Chanika mpaka hapa asubuhi nzima inaishia barabarani, na siku ya kwanza ya kuchelewa ndiyo ingekuwa ya mwisho ya kazi. Kwa hiyo nalala kwenye chumba cha pampu, kitanda kimoja na ukuta unaotetemeka. Humo siwezi kukuweka wewe na watoto.

Nimezunguka na madalali mpaka soli imeachana na kiatu. Dalali anataka hela yake ya kukuonyesha kabla hujaona hata mlango. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya mwaka mzima mkononi, na akitokea wa kukubali miezi sita anauliza, "Una familia?" Ukisema ndiyo, uso unakunjwa. Mama mmoja aliniambia waziwazi, "Watoto wanajaza choo na kuchora kuta. Ukiwa peke yako, karibu." Mwingine alinipeleka kwenye stoo ya saruji isiyo na dirisha, akaiita masta, eti chumba kikubwa chenye choo chake. Nilicheka, dalali akaninunia. Sisi Wahaya tunasemwa kwa majivuno. Wangekuja kuniona huku. Yangu yameisha yote, hata ya kuazima sina.

Sasa nikueleze lile kosa. Mlinzi wa jengo letu aliniambia kuna mama wa kwetu, mtu wa Kanazi, mjane, anayeishi mtaa wa pili katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Uani kwake kuna kibanda cha vyumba viwili, kina bomba lake na jiko lake, na mpangaji alikuwa anahama. Niliona Mungu amenikumbuka. Jumapili baada ya misa nikapiga pasi shati, nikaenda.

Nilimpigia magoti kidogo kama inavyotakiwa. "Shumalamu waitu," nikamwamkia kwa Kihaya. Yule mama aliruka kwa furaha. Akaniuliza kwetu ni wapi, mtoto wa nani, ukoo gani. Tukagundua shangazi yake aliolewa karibu na Nshamba. Akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kakikapu kadogo, safi kabisa, kama yuko Kanazi na siyo Masaki. Nikatafuna. Tukazungumza habari za migomba na mnyauko, padri wetu wa zamani, watoto wake walioko ng'ambo. Kutoka pale nilipokaa nilikiona kile kibanda kupitia mlango wa nyuma. Kimepakwa rangi ya kijani, na kuna kivuli ambapo Mugisha angecheza.

Sikuomba. Wewe mwenyewe unajua tulivyolelewa. Mtu aliyekupokea kwa kahawa humrukii na shida zako siku hiyohiyo, tena mikono mitupu. Unamsalimu, unaondoka, unarudi siku nyingine na kitu mkononi, ndipo unakohoa na kusema kilichokuleta. Nikafanya hivyo. Nikaaga, nikampigia simu baba anitumie mkungu wa ndizi kwa basi. Kisha, kwa ujinga wangu, nikakupigia na wewe. Nilijiambia mama wa kwetu atanikataliaje? Nikasema, "Mama Anitha, nyumba imepatikana." Nilisikia ulivyopiga vigelegele. Hiyo sauti ndiyo inayoniua.

Mkungu ulifika baada ya siku nne. Jumapili iliyofuata nikaubeba begani kupita mbele ya mageti yale yenye kamera, watu wakinitazama kama nimeuiba. Nilipoingia uani nikaona mapazia madirishani mwa kibanda, na ndala za mwanamke mlangoni.

"Mama, kibanda kimepata watu?" nikauliza.

"Eee, mwana wange. Kuna bwana mmoja na mkewe walikuja Jumatatu. Hata kukaa hawajakaa, wameshasema, tunataka vyumba. Nikawapa." Akautazama mkungu, akanitazama mimi, na taratibu uso ukambadilika. "Waitu! Na wewe ulikitaka?"

"Nilikitaka, mama. Nina mke na watoto wawili Nshamba."

"Na ulikaa hapa saa nzima tunaongea mambo ya migomba! Mimi nilidhani umekuja kunisalimia. Nikawa nawaambia hata watoto wangu kwenye simu, kuna kijana wa nyumbani kaja kunisalimia tu, hana shida yoyote." Akaketi. "Ungesema neno moja. Ningekupa kwa kodi ya mtoto wa nyumbani."

Niliutua mkungu, nikaaga. Alinizuia nisiondoke, akazimenya na kuzipika zile ndizi mwenyewe, akitokwa na machozi kidogo, nami nikakaa nikala ndizi za shambani kwetu huku kibandani wenyewe wakipanga vyombo vyao. Mama yule hana kosa. Hata wale wapangaji hawana kosa. Walisema walichotaka.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kukuambia. Uliniuliza kama jikoni kuna dirisha, nikasema lipo. Ukauliza kama shule ya Anitha iko karibu, nikasema anaweza kutembea. Kila swali nilijibu nikiangalia uani kwa mtu mwingine. Nilitumaini nitapata pengine kabla hamjafunga mizigo. Wiki iliyopita ukaniambia jumuiya wamekuaga, wamekuimbia na kukufunga kitenge, na mama mmoja akasema hatimaye Adventina anakwenda kukaa na mumewe. Nilikata simu nikasingizia chaji. Nisamehe, mke wangu. Nimekuaibisha mbele ya watu wote na wala uongo haukutoka mdomoni mwako.

Yafungue masanduku. Barua ya uhamisho ya Anitha irudishe kwa mwalimu mkuu kabla nafasi yake haijachukuliwa. Kuku uliompa mama waache hukohuko, usiwadai. Kitenge cha jumuiya kivae tu, na akikuuliza mtu mwambie Projestus ndiye mwongo. Mimi niko mbali, maneno hayanifikii.

Najua utauliza kwa nini nisirudi. Hata mimi nimejiuliza. Lakini baada ya kugawana na kaka zangu, kibanja tulichobaki nacho kinatulisha, hakitusomeshi watoto, na migomba yenyewe mnyauko umeiingia. Nikirudi tutakuwa pamoja, lakini ada hatuna. Nikibaki ada ipo na sisi hatupo pamoja. Nimeligeuza hili kila upande, sioni upande mzuri.

Nisalimie baba, mwambie ndizi zilifika nzuri na zililiwa. Nisalimie mama na mguu wake. Shemeji yako Novatus mwambie asianze kuchuma kahawa ya upande wetu kwa kudhani tumehama. Mwenyekiti wa jumuiya, yule mama aliyekufunga kitenge, mpe salamu za heshima na umwombe asinihukumu haraka. Anitha mpe peremende alizobeba Mzee Faustine, na Mugisha mnyanyue juu kwa niaba yangu.

Nilitaka kuishia hapo. Nikagundua bado nakuficha moja, na nimechoka kukuficha.

Juzi msimamizi wa maghorofa alituita. Wenye nyumba wamelalamika, hawataki familia za mafundi zije hata kutembea. Kuanzia sasa chumba cha pampu ni cha mfanyakazi asiye na familia, na asiyeafiki apishe wengine wanaosubiri kazi. Akatupa fomu tujaze palepale, amesimama. Nilishika kalamu nikakumbuka siku tuliyosimama mbele ya padri, na jasho lililokuwa likinitoka, na jinsi ulivyonicheka. Msimamizi akasema, "Projestus, unatuchelewesha."

Palipoandikwa hali ya ndoa niliandika sijaoa. Palipoandikwa idadi ya watoto niliandika sifuri.

Mumeo,
Projestus