Gari Lililokalia Alizeti ya Shangazi

Kwako baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na shangazi tu wazima hapa Issuna, na alizeti yote imeshatoka shambani. Habari za huko Rungwa? Mguu wa mama umepona? Nyuki wameingia kwenye ile mizinga mipya, au bado wanaizunguka tu? Nakuandikia kwa sababu ukiwa porini simu yako haipatikani, na jambo lenyewe ni refu.

Baba, ulisema nikifika kidato cha tatu niiache fizikia, kwa kuwa ndiyo iliyomfelisha kaka Hamisi akarudi nyumbani. Sasa mwalimu anataka kujua tumechagua nini kabla shule haijafungwa. Naomba kwanza nikusimulie yaliyotokea Jumamosi, kisha utaamua.

Unajua watu wa hapa tunavyotandaza vichwa vya alizeti kwenye barabara ya vumbi, ili malori ya mchanga yapite juu yake na kutupunguzia kazi ya kupura kwa fimbo. Dereva anayekanyaga tunampungia mkono. Anayekwepa husemwa wiki nzima kuwa ana roho mbaya. Basi tulikuwa tunatandaza, tukasikia mngurumo ambao haukuwa wa lori.

Yalikuwa magari ya mbio, kama manane hivi, mekundu na ya njano, mafupi hata mbuzi wa jirani aliyatazama kutoka juu. Wenyewe ni watu wa chama kimoja kutoka Dodoma, ambao siku za mapumziko huendesha pamoja kuangalia nchi. Waliacha lami ili wayaone mawe yetu makubwa kwa karibu. Sikujua kwamba mtu anaweza kusafiri mbali hivyo kwa ajili ya mawe. Tangu siku hiyo na mimi nayaangalia.

Gari la mbele lilipunguza mwendo, likaanza kupita pembeni taratibu. Shangazi akaweka fimbo chini, akaenda kusimama mbele yake.

"Mbona mnatukwepa? Tumewakosea nini?"

Dereva alikuwa dada mmoja aliyevaa kofia. "Shikamoo mama. Tunaogopa kuharibu mali yenu."

"Marahaba. Haiharibiki, mwanangu. Kanyaga tu."

"Mama, gari langu liko chini sana."

"Na alizeti nayo iko chini. Kanyaga."

Akatii, maana unamjua dada yako. Gari likaingia kidogo, likapanda juu ya rundo, likakaa kama kuku anayeatamia. Magurudumu yakazunguka bure. Mama jirani akasema, "Miguu wameisahau Dodoma," na hata yule dada akacheka. Shangazi hakucheka. Alishika kiuno akatazama pembeni, nikajua ameona aibu.

Fundi wao alikuwa nyuma na pikapu. Aliinua gari kwa jeki, lakini mkono wake ni mnene, haukupita chini yake. Wangu ukapita. Nikalala kifudifudi juu ya khanga, nikawa navuta vichwa kimoja kimoja huku akiniambia, "Bomba hilo usiguse, litakuunguza." Baba, sikuwahi kuona gari kwa chini. Hili ni bapa kama sinia, na mambo mengi yamepangwa karibu kabisa na ardhi.

Nilipomaliza nikamuuliza yule dada kwa nini wanalitengeneza chini hivyo.

"Ili lisipinduke kwenye kona."

"Na kwa nini la chini halipinduki?"

"Hapo umenishika, mdogo wangu. Mimi naendesha tu. Muulize fundi."

Fundi akapangusa mikono, akafikiri. "Ukibeba ndoo ya maji kichwani, na ukiibeba mkononi, ipi inakuyumbisha ukigeuka ghafla?"

"Ya kichwani."

"Ndivyo hivyo hivyo."

"Lakini kwa nini?"

Akacheka. "Hiyo 'kwa nini' ina hesabu zake, ziko kwenye fizikia ya mbele. Mimi niliikimbia, najua kwa mikono tu."

Kisha shangazi mwenyewe akasogeza alizeti yote pembeni, magari yakapita, kila dereva akimsalimia. Nilisimama hadi vumbi likatulia.

Jioni tukipepeta, shangazi akaniuliza, "Hivi alikwambia kwa nini halipinduki?" Nikamweleza habari ya ndoo. Akasema, "Hiyo ndoo naijua tangu utoto. Nimekuuliza kwa nini." Nikamwambia hata fundi hajui, ni mambo ya fizikia ya mbele. Akasema, "Basi kajifunze, halafu uje uniambie."

Unajua, baba, yeye ndiye aliyekuambia kuwa masomo hayo yatanishinda. Leo hana neno. Mimi siahidi kwamba sitafeli, kwa sababu sijui. Ukikataa nitatii, wala sitanuna. Ukikubali, mwambie kondakta wa basi aliyeleta barua hii neno moja tu, "Asome," naye atanifikishia.

Nisalimie mama, na bibi mzaa mama. Kaka Hamisi, fundi wetu wa baiskeli, mwambie simcheki kwa yaliyompata, nitahitaji msaada wake. Mdogo wangu Mwajuma mpakate kwa niaba yangu.

Mimi mwanao ninayesubiri basi lirudi,

Zaituni